Jina Ambalo Sikuuliza Maana Yake

Msambweni,
baada ya sala ya alasiri,
mwaka wa pili wa uhuru.

Kwako mwanangu Dunia,

Salamu zangu unazo kila siku, leo pokea na za akiba, uende nazo njiani. Nakuandikia nikiwa chumbani, nimetia komeo mlangoni, kwa sababu nyumba haina pa kukaa. Shangazi zako wameuteka ukumbi kwa unga na makarai, majirani wanaingia na kutoka, na wewe uko uani umenyoosha mikono. Shangazi yako mdogo ameshikilia kukupaka hina, ingawa bibi yako alisema hina ni ya bi harusi. Huwezi kushika kitu wala kunifuata huku mpaka ikauke. Nimeona hii ndiyo nafasi yangu. Barua nitaitia sandukuni, chini ya sweta, uikute mkiwa mmekwisha kuingia baharini.

Mambo ya kila siku sitayagusa. Mama yako amekwambia ya sweta, ya kuuliza nyama ni ya nini kabla hujala, ya kutotoka na nywele mbichi kwenye baridi. Nikiyarudia nitakuwa namnyang'anya kazi yake. Mimi nataka kukueleza habari ya jina lako. Unakwenda kusoma udaktari Zagreb, huko Yugoslavia, kwa watu wale wale nilikolitoa jina hilo, na niliyokueleza miaka yote hii hayakuwa sawa.

Unajua kwamba nilikuwa jeshini wakati wa vita vya Hitla. Unayoyajua ni yale niliyopenda kuyasimulia mbele ya wageni. Habari za kambi hukuzisikia sana kwa sababu kambini sikuwa shujaa wa kitu chochote. Nilikuwa mfua mashuka.

Walinipeleka Misri, jangwani, karibu na mfereji wa Sueizi. Palikuwa na mahema mengi, jicho halifiki mwisho wake. Waliokaa humo hawakuwa askari. Walikuwa wanawake, wazee na watoto kutoka pwani ya Yugoslavia, Wakroati, waliokimbia vita wakaletwa kwenye mchanga ule. Nilidhani nitakuta Wazungu kama wale wa bomani Kwale. Nikakuta wavuvi. Wazee wao walikaa mbele ya mahema wakisuka nyavu, na pale hakuna hata dimbwi. Nilimwuliza mmoja kwa ishara, atavulia wapi? Akanyoosha kidole upande wa kaskazini, akaendelea kusuka. Tangu siku ile nikawapenda.

Kwa kuwa nilijua kusoma na kuandika, nilitolewa kwenye kufua nikapelekwa hema la wanawake wanaojifungua. Mkunga mkuu alikuwa mama mmoja akiitwa Mare, mwanamke mpana, mwenye mikono mikubwa, amevaa nguo nyeusi siku zote kwa ajili ya marehemu mumewe. Kazi yangu ilikuwa kuchota maji, kuyachemsha, na mtoto akizaliwa kumwandikia jina kwenye utepe wa kitambaa afungwe mkononi. Tulizungumza kwa Kiingereza cha jeshini, kwa Kiarabu cha kubahatisha, na kwa vidole.

Mtoto wa kwanza niliyemwandika alikuwa msichana. Mare akasema, "Zora."

Nikamwuliza maana yake. Akaniangalia, nadhani hakuna aliyewahi kumwuliza. Akanishika mkono akanitoa nje ya hema, akanionyesha mbingu zinavyopambazuka. Nikaelewa kwamba Zora ni alfajiri.

Kuanzia hapo ikawa ndiyo starehe yangu. Kila jina niliuliza. Tsvita ni ua. Srechko ni Bahati, kama yule Bahati fundi baiskeli wetu, na nilipomwambia Mare kwamba kwetu pia yuko Srechko, alifurahi kama aliyeletewa salamu. Zhivko ni aliye hai, jina la mtoto ambaye wazazi wake wanaogopa hatakaa. Siku moja alizaliwa mvulana mwembamba sana, akaitwa Vuk. Nilipouliza maana, Mare aliinua shingo akalia kama mbwa mwitu, hata wazazi watatu wakaamka usingizini. Alinieleza kwamba jina hilo hupewa mtoto ili mabaya yamwogope. Nikamwambia kwetu pia, waliozika watoto wengi humpa anayefuata jina la kumficha. Alitikisa kichwa taratibu, akaniambia, "Basi akina mama ni wale wale."

Mwingine aliitwa Nedilko, maana yake aliyezaliwa Jumapili. Nikacheka, nikamwambia mimi ni Hamisi, nimezaliwa Alhamisi. Mare akahesabu siku kwa vidole, akasema, "Basi wewe ni Chetvrtak." Toka hapo kambi nzima ikaniita Chetvrtak, na wiki moja hata karatasi yangu ya posho iliandikwa hivyo.

Nilikosea pia, usidhani nilikuwa mwanachuoni. Msichana mmoja aliitwa Nada, maana yake tumaini. Mimi mkono wangu uliandika Mnada, kwa mazoea tu. Mama yake alikaa na utepe ule siku nzima akiusoma, kisha akamwita Mare kuuliza "mnada" ni nini. Ikabidi nieleze mbele ya wote: watu wanakusanyika, mmoja anapiga kelele, mwenye bei kubwa anachukua. Mare alicheka mpaka akakaa chini kwenye mchanga. Mama Nada naye akacheka, akamkumbatia mtoto wake, akaniambia huyu hauzwi.

Sasa nifike kwako. Alikuwapo mwanamke kijana akiitwa Luce, mumewe yuko milimani anapigana na habari zake hazijulikani. Siku aliyoshikwa na uchungu ulivuma upepo wa mchanga wa namna ambayo sijaiona tena. Mchana ulikuwa mwekundu. Nguzo ya hema ilianza kuyumba, nikaikumbatia mimi na mzee mmoja msuka nyavu, tumewapa wanawake mgongo, macho tumefumba. Tuliishika nguzo ile toka adhuhuri mpaka alasiri imeingia. Mchanga ulijaa kinywani, sikuweza hata kusoma dua kwa sauti. Nilikuwa namsikia Mare nyuma yangu akimsemesha Luce kwa upole, kama mtu anayemwita ng'ombe aingie zizini. Halafu mtoto akalia.

Upepo ulikuwa haujatulia. Mare akauliza jina, na Luce, sauti imemkauka, akajibu, "Dunya."

Mwanangu, nilisikia Dunia. Nilisikia neno letu, kutoka kinywa cha mwanamke ambaye hana nyumba, hana bahari, hajui kama ana mume. Nikaona huyu amepoteza kila kitu na sasa anampa binti yake ulimwengu mzima. Machozi yalinitoka, nikasingizia mchanga. Pale pale, mikono ingali kwenye nguzo, nikanuia kwamba Mungu akinipa binti ataitwa Dunia.

Katika majina yote niliyoyaandika kambini, hilo peke yake sikuuliza maana yake. Niliona najua.

Vita vilikwisha, nikarudi, nikamwoa mama yako, ukazaliwa. Bibi yako alikuwa amekwisha kukuchagulia jina la mama yake, Mwanatumu, kama ilivyo desturi yetu. Nikamwambia hapana, huyu ni Dunia. Aliniangalia kama niliyemtusi.

"Hamisi," akasema, "watu wanamwomba Mungu awaepushe na dunia, wewe unaiita ije ilale kitandani mwako?"

"Mama, wewe hukufika nilikofika."

Hilo ndilo jibu nililompa mama yangu mzazi. Nilikuwa kijana aliyevuka bahari, nina viatu vya jeshi na maneno matatu ya kila lugha, nikadhani kutembea kwangu kumenipa haki ya kumnyamazisha. Alifunga nguo zake kwenye kanga akaenda Tiwi kwa kaka yake, akakaa huko miezi saba. Hakukushika hata siku moja. Mimi nami sikumfuata. Kila Ijumaa nilisema nitakwenda wiki ijayo. Ukiniuliza ni jambo gani ningependa kulifuta katika maisha yangu, si vita, ni ile miezi saba.

Alirudi mwenyewe. Alisikia kwamba umeanza kutambaa. Alisimama pale mlangoni na kanga yake kichwani, hakunisalimu, akachutama akasema, "Mwanatumu, njoo." Na wewe, ambaye hujapata kulisikia jina hilo, ulimwendea mbio kwa magoti, ukamvuta ushungi. Kuanzia siku ile ukawa na majina mawili katika nyumba moja. Kwangu uliitika Dunia, kwake Mwanatumu, wala hukuchanganyikiwa. Mimi ndiye niliyechanganyikiwa. Kwa miaka nilikuwa nikimsahihisha kila akikuita, na siku ya kukuandikisha shule nilimtangulia kwa hatua, nifike kwa mwalimu kabla yake.

Sasa sikiliza la mwezi uliopita. Tulipokwenda Mombasa kwenye ile ofisi ya karatasi zako, wewe uliitwa chumba cha pili kwa daktari. Mimi nilibaki na yule mama wa miwani, aliyetoka kwao huko. Nilimsalimu kwa lugha yake, yale mabaki niliyonayo, akafurahi. Akachukua fomu yako akasoma jina.

"Dunya," akasema. "Hili jina letu. Nani amempa?"

Nikakaa vizuri kitini. Nilingojea miaka kumi na minane kuulizwa swali lile na mtu anayejua. Nikamweleza yote, kambi, upepo, nguzo, Luce, na jinsi alivyompa binti yake ulimwengu mzima. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Bwana Hamisi," akaniambia polepole, "dunya kwetu ni tunda."

Akaviunganisha viganja viwili kunionyesha ukubwa wake.

"Ni kama pera kubwa, la manjano, lina manyoya membamba kwenye ganda. Likiwa bichi ni gumu na kali, haliliki. Lakini lina harufu nzuri sana. Bibi zetu huyapanga juu ya kabati la nguo wakati wa baridi, na nyumba nzima hunukia mpaka majira yageuke. Ukifungua kabati, shuka zinanukia dunya." Akatazama dirishani kidogo. "Nadhani huyo Luce alikuwa na mti huo nyumbani kwao."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Katikati ya upepo ule Luce hakuwa akifikiria ulimwengu. Alikuwa akifikiria kabati lake la nguo. Mimi nimegombana na mama yangu, nimempeleka Tiwi miezi saba, kwa ajili ya tunda.

Aliniuliza kama nataka jina liandikwe kwa namna yao au yetu. Nikamwambia aliandike vile unavyoliandika mwenyewe. Ukatoka kwa daktari ukicheka, na tulipokuwa kwenye feri ya Likoni uliniuliza mbona nimenyamaza. Nikakwambia kichwa kinaniuma. Nisamehe, mwanangu, kichwa kilikuwa kizima. Niliona haya.

Siku tatu nilikaa na jambo hilo. Siku ya nne nilimkuta bibi yako amekaa mkekani anachambua mchicha, nikakaa mbele yake, nikamwambia yote, sikuacha hata neno. Alinisikiliza bila kuinua macho.

"Tunda?" akauliza.

"Tunda, mama."

"La kuliwa?"

"Bichi haliliki, ila linanukia. Huwekwa juu ya kabati, nguo zinukie."

Aliweka mchicha chini. Nilidhani analia, mabega yalikuwa yanatikisika. Kumbe anacheka. Alicheka mpaka akashika ubavu, akacheka mpaka jirani akachungulia kuuliza kuna nini, akaambiwa hakuna kitu, ni Hamisi na elimu yake. Alipopata pumzi akaniambia, "Ungesema tunda tangu mwanzo, mwanangu. Tunda lenye harufu nzuri lina ubaya gani? Nisingekwenda Tiwi."

Nikamwomba radhi. Si kwa jina, kwa lile jibu nililompa. Sikupata kumwomba radhi miaka yote ile, na ilinitoka kwa shida, maneno yamejikunja. Alinipiga kidogo kwenye goti kwa kiganja chake kilicholowa.

"Nilikwisha kukusamehe huko huko Tiwi," akasema. "Unajua walikuwa wakiniuliza kila siku, mjukuu wako anaitwaje? Nikawaambia Dunia. Wakikunja uso nawaambia, baba yake amefika Misri, ana maana yake. Sikutaka wamcheke mwanangu. Nilikuwa nakutetea kule, kisha narudi ndani nakununia peke yangu."

Miezi saba, Dunia. Yeye ananitetea Tiwi, mimi huku najiona nimeshinda.

Utakapofika huko, wakisikia jina lako watatabasamu. Usione vibaya. Pengine bibi kizee atakushika mkono akueleze habari za kabati la mama yake, kaa umsikilize mpaka mwisho hata kama mhadhara unakungoja. Na utasikia maneno yao mengi yanayofanana na yetu. Kuna jina Mila huko, maana yake mpenzi, mpole. Hayo ndiyo yatakayokupoteza kuliko yale magumu, kwa sababu yale magumu utauliza. Mimi maneno ya taabu yote niliyapata sawa. Lililonishinda ni lile nililodhani ni la nyumbani.

Na meli yenu itapita kwenye mfereji ule. Mkishauacha mji wa Sueizi, toka nje utazame mkono wa kulia. Hutaona kitu, mahema yaling'olewa zamani, ni mchanga mtupu. Tazama tu. Hapo baba yako aliitwa Chetvrtak, na alikuwa na furaha, ingawa ilikuwa vitani.

Limebaki moja, nalo nimelijua jana.

Nilipomaliza kumwomba radhi bibi yako, nilijiona mwepesi, nikadhani nimemaliza. Jana nilikuwa namsaidia mama yako kufunga sanduku lako, yeye anakunja, mimi nakalia kifuniko. Nikamsimulia tena habari ya tunda, tukacheka wote. Kisha kikanijia kitu ambacho sijui kilikuwa wapi miaka kumi na minane. Mimi nilitaka Dunia, mama yangu alitaka Mwanatumu, tukavutana mpaka nyumba ikagawanyika. Aliyekubeba tumboni na kukuzaa alikuwa amelala chumba hiki hiki nilimokaa sasa, anatusikia kupitia ukutani. Hakuna kati yetu aliyeingia kumwuliza neno.

Nikamwambia, "Mama Dunia, wewe ulitaka aitwe nani?"

Aliendelea kukunja gauni lako lile la buluu. Alilikunja, akalikunjua, akalikunja upya.

"Nilikuwa nalo," akasema. "Nilimwita kwalo toka alipoanza kucheza tumboni. Na nilipokuwa namnyonyesha, nyinyi hampo, nilikuwa namwita kwalo."

"Mbona hukusema?"

"Nyumba ilikuwa imejaa majina, Hamisi."

Nikamwuliza ni jina gani. Nilimwuliza kwa adabu, kama nilivyokuwa nikimwuliza Mare. Alitabasamu, mwanangu, tabasamu ambalo nalijua, lile la siku nilipokwenda kumposa na nikajikwaa kizingitini. Akasema hilo hataniambia. Lako na lake. Atakunong'oneza mwenyewe kesho bandarini, kabla hujapanda ngazi, kama tunavyomnong'oneza mtoto mchanga sikioni.

Nilishangaa kwamba sikuumia. Nilijisikia kama mtu aliyeambiwa nyumbani kwake kuna chumba kizima hakijui, kisafi, kimefagiliwa kila siku.

Kwa hiyo utakaposoma barua hii utakuwa unalijua, mimi silijui. Usiniandikie kunitajia. Niandikie tu kama limekupendeza.

Sauti yako naisikia uani, unawaambia hina imekauka, wao wanasema bado. Wacha nifunge, nikaitie karatasi hii mahali pake kabla hujaja. Kesho, mama yako atakapokuvuta kando, mimi nitakuwa nimegeuka upande wa pili, nahesabu masanduku, nayahesabu tena taratibu, mpaka mtakapomaliza.

Mungu akufikishe na akurudishe.

Baba yako,
Hamisi